Mipini ya Bwana Mizani

Kasongo, Jumapili tarehe 6 Juni 1937

Kwa yaya wangu, kaka yangu mkubwa Hippolyte, Wamaza.

Leo imetimia miaka mitatu na siku kumi tangu nilipoondoka nyumbani, nikakuacha umesimama mwisho wa shamba la karanga, jembe begani. Nakusalimu sana, wewe na shemeji Emilienne na watoto wote, pamoja na huyo wa mwisho ambaye nasikia amezaliwa na mimi sijui hata jina lake. Je, mgongo wa shemeji umepona? Karanga za mwaka huu zimekubali, au nguruwe-mwitu wamewatangulia tena? Mimi mwili wangu ni mzima, isipokuwa bega la kuume. Marobota ya pamba yamelifanya bega la mzee. Asubuhi siwezi kuvaa shati bila kukunja uso, na wenzangu wa kambini hunicheka, wananiita babu.

Barua yako ilinifikia Jumanne kwa mkono wa Abdallah, yule dereva wa lori la pamba. Niliifungua papo hapo kwenye mizani, nikaisoma nimesimama, kisha nikakaa juu ya magunia. Unaniambia kwamba macho ya Baba yamefunga kabisa. Unasema tangu Pasaka anakaa uani na jua liko juu ya magoti yake, naye anauliza kama kumekucha. Halafu unaniuliza neno moja tu: mwaka jana, Baba aliponiita niende auone uso wangu kabla giza halijamfunika, je, ni muzungu aliyenikatalia? Unasema ndivyo ulivyomweleza Baba, na ndivyo ulivyowaeleza watu wa kanisani. Na unasema Baba kila jioni anamwombea muzungu wangu, ili Mungu aulainishe moyo wake.

Yaya, nitakujibu. Lakini nivumilie nianze mbali kidogo, maana nikikupa jibu peke yake hutalielewa. Hata mimi mwenyewe bado sijalielewa vizuri.

Muzungu wangu ndiye anayepima pamba ya wakulima, kwa hiyo watu wa hapa wanamwita Bwana Mizani. Ni mtu mfupi, mnene, mwenye shingo nyekundu. Zamani nilikwambia kwamba ni mkali, na ni kweli, ila ukali wake ni wa moshi mwingi na moto kidogo. Mwaka wangu wa pili hapa aliamuru tufyeke majani nyuma ya ghala la pamba, eneo kubwa ambalo lingetosha kulisha kijiji chote mihogo. Tulidhani anataka kulima. Kumbe anataka pa kuchezea mchezo wao unaoitwa gofu. Tukafukia ardhini mikebe tisa ya maziwa, mmoja mmoja, mbali mbali. Kuzunguka kila mkebe tukamwaga mchanga uliochanganywa na mafuta machafu ya motori, ili upepo usiupeperushe. Kazi yangu ya Jumapili, baada ya misa, ikawa kuburuta gunia juu ya mchanga huo ulainike, na kumbebea Bwana mfuko wake wa fimbo.

Mchezo wenyewe ni huu: una mpira mdogo mweupe, mgumu kama mbegu ya mchikichi, unaupiga kwa fimbo mpaka uingie kwenye mkebe wa kwanza, kisha wa pili, hadi wa tisa. Anayemaliza mikebe yote kwa mapigo machache ndiye mshindi. Hemedi, mlinzi wa ghala, mtu wa Nyangwe, alipotazama mara ya kwanza alisema yeye angeushika mpira kwa mkono na kuuweka ndani, kisha akalale.

Bwana Mizani alikuwa na fimbo kumi na moja zilizotoka Ulaya kwa meli, mipini ya mti na vichwa vya chuma au vya mti. Moja ni nene kichwani, ya kupiga mbali. Nyingine zina uso uliolala, za kuinua mpira juu ya majani. Moja ndogo ni ya kuusukuma tu mpira ndani ya mkebe. Na alishindana na muzungu mmoja tu, Bwana Posta, ambaye ni mrefu kama mnazi na hana haraka. Bwana Posta alimaliza kwa mapigo hamsini na kitu. Wangu alimaliza kwa sabini na mbili, sabini na tano, siku moja themanini na moja. Kila Jumapili Bwana Posta alimpa mkono akimwambia maneno ya Kifaransa kwa sauti tamu sana, na shingo ya wangu ikazidi wekundu.

Basi nikawa natembea nyuma yake na huo mfuko, na kichwa changu kiko uani kwetu. Unakumbuka Baba alivyokuwa akipima mpini? Hakumkatia mtu yeyote jembe kabla hajamsimamisha miguu mitupu, mikono imelegea, atazame kifundo cha mkono kinafika wapi. Kisha anasema nionyeshe viganja, anagusa malengelenge kwa kidole gumba kama padri anayetia majivu. Mama Mathilde alitembea siku nzima kutoka kwao kwa sababu alisema mpini wa Baba peke yake haumtii jasho la bure. Nilikuwa nikisikia harufu ya vile vipande vyeupe vilivyoruka kwenye tezo, nasi tukivikusanya kuwashia moto. Hapa Kasongo moto wa kambini tunawasha kwa maganda ya mbegu za pamba. Unanuka, na moshi wake unaingia hadi kwenye ugali.

Nami nikaona kwamba zile fimbo za Bwana Mizani zilikatwa kwa ajili ya mtu mwingine. Zilimzidi kwa upana wa kiganja. Tena kila mara alichagua ile nene kwa sababu Bwana Posta ameichagua, kama mtu anayepalilia karanga kwa shoka kwa sababu jirani ana shoka. Nani angenisikiliza? Lakini Jumapili moja alikasirika, akaipiga fimbo kwenye kichuguu, ikavunjika katikati. Akakaa chini. Akasema mpini mwingine hauko karibu kuliko Antwerpen, kwao Ulaya. Nikamwambia kwamba baba yangu anachonga mipini, na mimi nilisoma kwake kabla ya kusoma kwa mapadri, na kwamba hata ile mizima si yake. Hemedi baadaye alisema alikwisha kuanza kunihesabia fimbo za mgongoni.

Bwana akaniuliza kama si yake ni ya nani. Nikamwomba avue viatu.

Yaya, alivua! Alisimama juu ya majani miguu mitupu, miguu myeupe kama mihogo iliyomenywa, mikono imelegea, nami nikapima kama Baba. Nikaenda bondeni kutafuta ule mti wetu wa mipini. Nilikesha nao siku nane kando ya moto ukauke polepole, nikauchonga, nikaupaka mafuta ya mawese. Zile nyingine nikazifupisha. Jumapili iliyofuata alimaliza kwa mapigo sitini na sita. Baada ya mwezi, sitini. Na tangu siku ile, kila mpira ulipolala mahali pabaya, alinigeukia mbele ya Bwana Posta, akauliza kwa Kiswahili chake: “Dominique, fimbo gani?” Nami natoa moja, naye anaipokea bila ubishi.

Sasa sikiliza, kwa maana tunakaribia. Wewe unajua mpini wangu wa kwanza ulivyoishia. Baba aliugeuza mara mbili mkononi, akauingiza motoni chini ya chungu cha majani ya sombe, hata hakukasirika. Alisema utamliza mtu kiganjani. Alikuwa na haki, ulikuwa umepinda. Lakini wewe ulicheka, na mimi niliona kama ni mimi niliyetiwa motoni. Nilikula ile sombe nikijua imeivishwa na nini. Nadhani nilianza kuondoka Wamaza siku ile, ingawa miguu ilichelewa miaka kumi.

Kile kichwa cha fimbo iliyovunjika, Bwana alinipa. Nikakitia mpini wa kipimo changu. Bwana akaniruhusu kucheza asubuhi, kabla ya kengele ya kazi, kwa mipira iliyopasuka. Nikaanza kuhesabu mapigo yangu. Siku ya kwanza mia na nne, Hemedi akaniuliza kama nalima. Kisha tisini. Kisha sabini. Nilichonga mpini wa pili, mwembamba zaidi, nikaukataa, nikachonga wa tatu. Kiwandani, robota liko begani, nilikuwa nafikiri kuhusu mkebe wa sita na kichuguu chake. Sikuwa nimefikiria kitu kwa namna ile tangu utoto. Nikajiwekea neno moyoni, kwamba nitashuka chini ya hamsini, kule ambako hata Bwana Posta hajafika.

Barua yako ya mwaka jana, ile ya kuniita, ilifika wiki moja kabla ya Pentekoste. Nilimwendea Bwana Mizani siku ileile nikamwomba ruhusa ya kusafiri. Alikuwa na mashindano mbele yake. Akasema nikimsaidia kumshinda Bwana Posta siku ya Pentekoste, kesho yake atatia sahihi. Na siku ya Pentekoste alishinda, hamsini na nne kwa hamsini na sita. Alirusha kofia yake juu. Alinipa mkono, yaya, mkono mtupu, mbele ya mke wa Bwana Posta.

Na Jumatatu alitia sahihi.

Hilo ndilo jibu lako. Muzungu hakukataa. Alinipa karatasi yenye muhuri, siku ishirini, na kipande cha sabuni cha kumpelekea Baba. Niliikunja nikaiweka ndani ya sanduku langu. Asubuhi ile nilikuwa nimepiga hamsini na tatu. Nikasema nitaondoka Alhamisi, nikisha kushuka. Alhamisi nilipiga hamsini na saba. Nikasema Jumatatu. Ninyi wote mko mwendo wa siku tano tu, nikasema, na macho ya mzee hayafungi kwa wiki moja. Siku ishirini zikaisha hivyo, na karatasi ikafa ndani ya sanduku. Nikaona aibu kuomba nyingine. Nikakuandikia kwamba “ruhusa ni ngumu.” Sikuandika kwamba muzungu amekataa, lakini nilijua utasoma hivyo, na nilitaka usome hivyo. Ile sabuni nimeiogea.

Wala si mchezo peke yake. Nikija nyumbani mimi ni kitinda mimba aliyepinda mpini. Hapa kuna mtu aliyekuwa akiniuliza fimbo gani. Ni muzungu, na ni mchezo wa bure, najua. Lakini nilitaka aniulize Jumapili moja zaidi.

Jumatatu iliyopita, siku moja kabla barua yako haijaja, nilimaliza kwa arobaini na tisa. Mpira wa mwisho uliingia polepole, ukagonga chini ya mkebe. Nikatazama huku na huku. Alikuwako Hemedi peke yake, na ndevu zake. Nikamwambia arobaini na tisa. Akasema alhamdulillahi, sasa njoo unisaidie kufungua mlango wa ghala, umekwama. Nilisimama pale juu ya mchanga wa mafuta, na mtu mmoja tu duniani ambaye ningetaka aushike mpini ule, augeuze mara mbili na aniambie kama umenyooka, hayuko hapa. Kesho yake nikajua kutoka kwako kwamba hata akiushika, hatauona.

Yaya, nakuomba jambo gumu. Wakusanye Baba na watu wa nyumbani, umsomee barua hii yote, usiruke mahali. Usinifichie. Najua utasita kwenye ile karatasi, na shemeji Emilienne atakuambia uache, mzee asiumizwe. Soma tu. Sitaki aendelee kumwombea Bwana Mizani moyo mlaini kwa kosa langu mimi. Nikifika akiwa hajajua, atanipokea kama mtu aliyeonewa, nami nitanyamaza, najijua, nitanyamaza mpaka tumzike. Ni afadhali nimkute amekwisha kukasirika.

Mkataba wangu unaisha tarehe 20 ya mwezi huu. Bwana ameweka mwingine mezani, wa fundi wa fimbo, bila marobota. Nimemwambia sitatia sahihi. Alisema mimi ni mjinga, kisha akauliza kama katika kijiji chetu kuna mtu mwingine anayejua kupima. Nikamwambia yuko mmoja, lakini haoni tena. Akaniandikia karatasi ya njia.

Nisalimie shemeji, nisalimie watoto kwa majina yao yote, Pascaline hasa, kama bado anaogopa kuku. Msalimie Mama Mathilde na majirani wote wa upande wa kanisa. Abdallah anakusalimu pia, ndiye atakayekukabidhi barua hii, mpe maji ya kunywa, anatoka mbali.

Nitaondoka Kasongo Jumatatu tarehe 21 kwa miguu, nifike Wamaza Jumamosi tarehe 26, mchana, wakati Baba anapokaa uani. Nitasimama mlangoni mwa ua, sitaingia mpaka nisikie yeye mwenyewe ananiita kwa jina. Usimhimize. Kama siku ile hataniita, nitalala kwa katekista, na Jumapili nitarudi nisimame tena.

Mimi ndugu yako mdogo,
Dominique