Sauti Yako Ndani ya Flashi

Bhoke mwanangu,

Kompyuta za shule ya kwa wajomba zako, kule Nyansurura, zimewaka zote. Ila hakuna hata moja iliyoniita. Sauti yako nimeitoa. Nimetaka uyasikie haya kwangu mimi mama yako, kabla hujayasikia kwa mwingine, maana huko uliko wanakuja watu wa kijiji chetu cha Nyakunguru kila wakati na midomo yao unaijua.

Nimekaa nyuma ya jiko. Ulezi nimeuanika kwenye turubai, kuku nawafukuza kwa mguu, kalamu ni ya mdogo wako Weigesa. Univumilie mwandiko. Shule yangu iliishia darasa la nne, na herufi zangu bado zinatawanyika kama mbuzi waliokosa mchungaji.

Tangu uondoke siku zangu zimekuwa kama asubuhi za ukungu, zile unazosikia kengele ya ng'ombe lakini ng'ombe mwenyewe humwoni. Napika, napalilia, wageni wa pole wanakuja wanakaa wanaondoka, na wote nawaona kama wako ng'ambo ya mto. Kibanda chako cha kompyuta pale senta hakikufungwa. Ghati, mwenzako mliyekuwa mkifanya naye kazi, ndiye anayekiendesha. Kiti chako amekiacha palepale na hakikalii. Anawapigia watu windo, ile programu inayoamsha kompyuta, kwa ileile flashi yako nyekundu.

Hiyo flashi nikiikumbuka nacheka peke yangu. Zamani ulikuwa unakaa mbele ya kila kompyuta unajibu maswali yake, lugha gani, nchi gani, jina la nani, mpaka ugali unapoa. Ndipo ukaanza kuyaandika majibu humo ndani ya flashi. Unaandika, unajaribu, inakataa, unafuta, unaandika tena, macho mekundu kama mtu aliyekoka moto wa kuni mbichi. Siku ilipokubali ulikuja hadi shambani kuniambia. "Mama, nimeijibu yote kabla haijauliza. Naichomeka tu naenda zangu."

Mimi nikaona hiyo si adabu. Nikakuambia, mgeni anabisha hodi, anauliza, na mwenye nyumba amemwachia majibu mlangoni akaenda zake? Ukacheka mpaka ukakaa chini kwenye matuta. Nikakuuliza tena, mbona umeiandikia saa ya Nairobi na sisi ni watu wa Tarime. Ukasema, "Mama, hii mashine Tarime haiijui. Nairobi ndiyo jirani anayemfahamu."

Lakini moyo wangu unaujua. Kitu kikiachwa peke yake mimi situlii. Ng'ombe akizaa nakaa naye, chungu kikiwa jikoni nakaa nacho. Ulipoleta nyumbani ile kompyuta ya mezani ya kujaribia, ukaichomeka ukatoka, niliacha jembe nikaenda kuiangalia. Chumba chote kimekuwa bluu. Vile vidoti vya kwenye kioo vinazunguka, vinazunguka, kama ndama wanaotafuta mlango wa zizi. Nikasinzia hapo, nikajiona nimekaa kando ya maji mengi yasiyo na sauti. Nilipofumbua macho imezima, ikawaka, ikaandika maneno ya Kizungu halafu yakasimama yananitazama. Nikaona nisiiache hivihivi kama haina watu. Nikabonyeza.

Ulirudi ukaikuta imeanza upya kabisa. Ukanieleza kwamba yale maneno yalikuwa yanasema anayetaka kuanza tangu mwanzo abonyeze kitufe chochote, na asiyetaka aiache. Hukunigombeza. Ulichukua simu ukaingia kwenye migomba, mbali na kuku, nikakusikia unaongea peke yako. Jioni ukasema, "Sasa mama, lima. Usiilinde tena. Ikimaliza kila kitu itakuita yenyewe."

Na kweli ikaniita. Niko kwenye ulezi, nimeinama, dirisha liko wazi, nasikia sauti yako inatoka ndani, "Mama, tayari. Njoo uone." Nikaitikia kwa nguvu, "Nakuja." Naifikia, wewe mwenyewe hupo, uko senta. Nimeijibu mashine. Nikasimama pale mlangoni na jembe langu, nimefurahi kama mjinga.

Sauti hiyo hukuiondoa. Kila kompyuta uliyoipigia windo ikawa inaita mama kabla haijamwambia mwenyewe neno lolote. Pale senta wakawa wanatania, "Kompyuta za Bhoke zina heshima, zikizaliwa tu zinamtafuta mama." Hata wale vijana wachimbaji, wanaoleta laptopu zao za kuangalizia mpira, walikuwa wanasubiri ifike mwisho ndipo wacheke.

Halafu figo zako. Hapo sitaandika. Ulikuwepo.

Tulipomaliza msiba, nywele tulizonyoa zimeanza kuota tena kichwani, nikawa nampelekea Ghati chakula cha mchana, kwa sababu miguu yangu ilikuwa imezoea ile njia na sikuwa na pengine pa kuipeleka. Siku hiyo kibanda kimejaa. Kulikuwa na laptopu ya mteja mmoja mezani, mimi siioni, namiminia watu uji. Weigesa ameshika bakuli. Ukaniita. Sauti ileile, ya migombani, na hata ule upepo uliopita kwenye majani siku ile nikausikia umo.

Nikaitika, "Nakuja."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akaweka kikombe chini akatoka nje. Wewe unajua kwetu, aliyekufa akikuita huitiki. Hata ndotoni unanyamaza, unageuka ubavu. Mimi nimeitika mchana mbele za watu, tena nimekuahidi kwamba nakuja.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Baba yako mkubwa, Mzee Matiko, nikamkuta amesimama uani na fimbo yake. Nikampa shikamoo, akaipokea haraka haraka. "Mke wa ndugu yangu, haya mang'ana, haya mambo, si ya kuchezea. Ukishamwambia marehemu unakuja, sisi tutakula kwa nani?" Ndivyo anavyoficha woga wake, unamjua. Nikamwambia mimi ni mtu wa kanisani. Akasema, "Kanisani nenda. Lakini ile sauti ifutwe."

Na mwalimu mkuu wa kule Nyansurura akapiga simu. Zile kompyuta kuukuu walizopewa, ulizowaahidi kuwaandalia kabla hujalala kitandani, zilikuwa bado ziko stoo zinamsubiri Ghati na flashi. "Mama, mimi binafsi sina neno," akasema. "Ila wazazi wamesikia. Wanasema watoto wao hawawezi kufundishwa na mashine zenye sauti ya marehemu."

Mimi sikutaka, Bhoke. Nakwambia kweli. Kila mtu alikuwa na sababu yake nzuri na mimi nilikuwa na sauti yako. Nguo zako tumeshagawa. Harufu yako kwenye blanketi ilikwisha nikiinusa. Nikawa naenda kibandani na Ghati haniulizi kitu, anachukua ile kompyuta yako ya majaribio, anaifuta, anachomeka flashi, anakaa pembeni. Bluu inakuja. Vidoti vinaanza. Nalegea kwenye benchi, naona migomba, nakuona umenipa mgongo, simu mdomoni, kitenge cha njano, ukungu unapanda kutoka mtoni unakufunika miguu kwanza. Sijui kama nilikuwa nalala au la. Halafu unaniita. Naitikia moyoni, midomo nimeifunga. Ghati anafuta tena, na ile mashine inazaliwa upya, haijui kwamba imeshaniita asubuhi, wala haijui umekufa. Nilikuwa naionea wivu.

Ningeendelea hivyo. Lakini mdogo wako.

Weigesa tangu siku ile ya uji hakuniachia tena. Nikienda kisimani yuko nyuma ameshika pindo la kanga. Nikiingia chooni anakaa nje anaimba, anakata wimbo katikati ili nimalizie, ajue bado nimo. Shule akawa hataki. Nikadhani ni huzuni ya kukukosa wewe, nikambembeleza na ndizi za kuchoma. Siku moja tunapukuchua mahindi, hakuninyanyulia hata macho, akaniuliza, "Mama, ulimwambia Dada unakuja. Utaenda lini?"

Aliuliza kama anayeuliza siku ya gulio, ajue na yeye ajiandae.

Nilimshika mkono tukaenda senta muda uleule, mahindi tukayaacha uani. Ghati akaniambia, "Mama, fikiri vizuri. Simu aliyorekodia iliingia maji. Hii sauti iko humu peke yake. Nikiitoa, imetoka." Nikamwambia aiache iite mara moja ya mwisho, ndipo aitoe.

Tukasubiri. Ghati alijifanya anafagia kidogo. Weigesa nilimpakata ingawa ni mkubwa, miguu yake inagusa chini. Bluu ikaja ikaondoka. Programu zikajipanga moja moja kama ulivyoziagiza. Nikahisi kifua cha mtoto kimekaza. Na wewe, kwa upole wako uleule, "Mama, tayari. Njoo uone."

Weigesa alikuwa hatazami kompyuta. Alikuwa ananitazama mdomo.

Nikanyamaza. Kuitwa na mwanao, ukanyamaza... Nimebeba maji, nimebeba kuni na mimba, nimekubeba wewe mwenyewe mgongoni mpaka zahanati na mvua inanyesha, sijabeba kitu kizito namna ile. Weigesa akapumua. Nikamwambia Ghati, "Toa."

Akafungua yale maandishi yako, akashuka mpaka mstari wa mwisho kabisa, akaufuta huo mmoja, akafuta na sauti. Mengine hakuyagusa. Lugha uliyoichagua ipo, majina uliyoyapanga yapo, hata saa ya Nairobi ipo. Akaniambia, "Kazi ya Bhoke iko palepale, mama." Nikamjibu najua, lakini nilikuwa nalia sana sijui kama alinisikia.

Jumamosi tukaenda kwa wajomba. Pikipiki mbili, Ghati mbele na begi, mimi na Weigesa nyuma, tukavuka mto Mara umejaa rangi ya chai ya maziwa. Huko nilikozaliwa nyasi zilikuwa ndefu, na ng'ombe wanasimama ndani yake unaona migongo tu, kama mawe yanayotembea. Mzee Matiko alikuwa ametutangulia kwa miguu yake, hakutuambia kama anakuja. Wazazi wamejipanga nje ya darasa, mikono kifuani. Ghati akachomeka flashi kwenye ya kwanza, akaenda ya pili, watoto wamebana pumzi madirishani. Zilifika mwisho kimya. Zikakaa tu zinang'aa. Mama mmoja akasema, "Kumbe ni vitu vya kawaida," sauti yake ikawa kama ya mtu aliyenyimwa kitu. Hata mjomba wako akaniambia pembeni kwamba alitamani kidogo kukusikia.

Nilikaa kwenye ngazi ya darasa. Upepo wa kule unalaza mtu. Nilipotaka kumfunika Weigesa mgongo nikakuta pindo la kanga liko tupu. Nikamtafuta kwa macho. Yuko uwanjani mbali, na watoto wa wajomba, anawaonyesha kwa vidole jinsi vidoti vinavyozunguka, nao wote wanazunguka, wanaanguka kwenye nyasi. Hakugeuka kuangalia kama nipo. Hakugeuka mpaka jua likaelekea kuzama, na mimi sikumwita.

Basi, mwanangu, pumzika. Wajomba wanakusalimu, Ghati anakusalimu, na Mzee Matiko anasema asisahauliwe. Mimi nimebaki, nina mtoto wa kukuza. Nakuahidi likizo nitampeleka kwa Ghati ayasome yale maandishi yako, mstari kwa mstari, na akichoka sitamharakisha. Na wewe ukinikumbuka, njoo mchana ninaposinzia hapa kwenye ulezi. Usiniite. Kaa tu karibu. Nitajua ni wewe, nitasogea upate nafasi.

Ni mimi,
mama yako.