Tumemvua, Tumemfunika

Ibra,
Jumapili, 14 Desemba

Kaka yangu Harub,

Assalaam alaykum warahmatullah. Shikamoo kaka. Namwomba Mungu barua hii ikufikie huko Kanada ukiwa mzima, na Thani akiwa anatembea bila ya mkongojo. Sisi hapa tu wazima. Presha ya Bibi ilipanda siku mbili, sasa imeshuka, na jana alikula wali wa nazi sahani mbili, akamgombeza Mama kwa kutia chumvi kidogo. Baba amerudi kazini Sur, kwenye ghala la samaki. Mama anakuuliza una makoti mangapi, au atafute la kukutumia.

Najua utastaajabu kupata karatasi badala ya ujumbe wa simu. Ni amri ya Bibi. Amesema ya simuni mtu huyafuta akiona haya, na haya yangu hataki yafutike. Ninaandika kwenye meza ya jikoni, naye yuko mbele yangu anatoa kokwa za tende, na kila baada ya muda ananiuliza nimefika wapi. Hapa nilipofika namjibu bado nasalimia.

Nianze na Jumanne. Nilikuwa ndani ya basi la shule ujumbe wako ulipoingia. Nitauandika kama ulivyo, kwani huenda wewe uliuandika kwa haraka na usiukumbuke: "Barafu imevunjika karibu na mdomo wa mto. Thani ameingia majini na pikipiki yake ya theluji. Tumemvua, tumemfunika, tunamleta mjini. Usimwambie Shangazi mpaka niandike tena. Simu inakufa."

Hukuandika tena. Jumanne, Jumatano, Alkhamisi, mpaka Ijumaa. Nilikupigia mara thelathini na moja.

Kaka, mimi neno kuvua nalijua kwa maana mbili tu. Kuna kuvua samaki na kuvua nguo. Thani si samaki, basi nikajua mmemvua nguo. Kisha mmemfunika. Kisha mmemchukua kumpeleka mjini, na mama yake asiambiwe. Unakumbuka mwaka juzi alipofariki jirani yetu Bi Tamima, mimi nilitumwa kupeleka ndoo za maji mpaka mlangoni. Nilisikia wale wanawake ndani wakisema mvueni taratibu, mfunikeni vizuri. Maneno ni yale yale mawili, tena kwa mpango ule ule. Nikawa nimekaa kwenye basi, rafiki yangu Ahlam ananionyesha picha za paka wao, na mimi najua kuwa binamu yetu amekufa, na kwamba katika Oman yote ni mimi peke yangu ninayejua.

Utauliza kwa nini sikwenda kwa Bibi nikamwuliza neno. Sababu ipo, nayo ndiyo iliyonifanya niandike barua hii. Lakini niachie kwanza nimalize ya Ijumaa, kwani nikitaja sababu sasa sitapata nguvu ya kuendelea.

Jumatano Shangazi Azza alikuja na abaya mbili, tumchagulie ya kuvaa Nizwa. Nilikuwa nimesahau. Wallahi nilikuwa nimesahau kabisa kwamba Ijumaa tunakwenda kumposea Thani. Shangazi alikuwa amefurahi hata hakai. Alisema mwanawe hajui kuchemsha yai, na kama hatapata mke upesi atarudi kutoka Kanada mifupa mitupu, mingine atakuja nayo mfukoni na mingine mkobani. Wote wakacheka. Mimi niliingia chooni nikafungulia maji ya bomba.

Nilijaribu kumwambia. Alkhamisi nilikwenda mpaka kwake, nikasimama barazani, akatoka na unga mikononi, akanibusu, akaniuliza nina nini. Nikamwambia Mama anaomba iliki. Akanipa iliki. Nikarudi nayo nyumbani, na Mama akaniuliza za nini, iliki tunazo.

Ijumaa baada ya sala tukaondoka. Baba aliendesha, Bibi mbele, nyuma mimi na Mama na Shangazi. Shangazi alinipakatisha sanduku la udi na manukato ya kupeleka kwa bibi harusi, akasema mikono yangu ndiyo iliyotulia kuliko yao. Njia nzima harufu ile inanipanda puani, na mimi nikifikiri marashi ya aina nyingine, yale ya kumpaka maiti. Shangazi akanitania, mbona nimenuna kama ninayeozwa ni mimi? Bibi akasema bila kugeuka, "Mwacheni, huyo tangu Jumanne hali." Basi alikuwa ameona. Sikujua kama ameona.

Nyumba ya kina Alyaa iko nyuma ya soko. Wanaume wakaingia majlisi na Baba, sisi tukapelekwa kwa wanawake. Ikaja halwa, ikaja kahawa. Mama yake Alyaa anaitwa Bi Ghaniya, mtu mpole lakini anakutazama kama anayepima kitambaa. Baadaye akaingia Alyaa mwenyewe. Si mwenye haya sana. Anasomesha jiografia katika shule moja Manah, na ana sauti ya darasani, hapandishi lakini inafika.

Wakazungumza ya kuzungumzwa. Kisha Alyaa akaomba ruhusa aulize jambo. Akauliza, huyo Thani kule ziwani wakati wa baridi anafanya kazi gani?

Shangazi akacheka. Akamwambia, "Mwanangu, kule hakuna baridi. Mwezi uliopita ilikuwa nyuzi thelathini tu, kama Ibra mavuno ya tende yanapoisha. Wanavua kwa mashua mwaka mzima."

Alyaa akaweka kikombe chini. Akasema taratibu kwamba anaomba radhi, lakini ziwa hilo liko kaskazini, na mwezi wa kumi na mbili hakuna mashua inayopita. Shangazi akajibu kuwa barua za Harub za simuni zinasomwa nyumbani kila wiki, na msomaji ni huyu hapa. Wote wakanigeukia. "Rawiya, mama, toa simu uwasomee ile ya mwisho. Waambie mwenyewe Harub anavyosema."

Nikaitoa simu. Nikaufungua ujumbe. Niliyaona maneno yako na sikuweza kusoma hata la kwanza. Nilitaka kubuni, kaka, kama nilivyozoea, nikatafuta la kubuni sikulipata. Machozi yakaanguka juu ya kioo cha simu. Bi Ghaniya akasema mtoto anaumwa. Bibi akasimama na bakora yake, akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo, akasema tunakwenda kupata hewa.

Akanipeleka uani, penye mti wa ndimu, akaniambia, "Nisomee. Usinieleze. Nisomee kama ilivyoandikwa."

Nikasoma. Nilipofika kwenye tumemvua nikashindwa, akanitikisa mkono nikaendelea. Nilipomaliza nikamwambia, Bibi, Thani amekufa, na mimi nimejua siku nne.

Bibi akafumba macho. Akaniambia nisome tena kutoka ameingia majini. Nikasoma. Akasema, "Mjinga wewe. Mjinga mpenzi wangu. Kamvua! Kamtoa majini, kamwokoa. Sisi Unguja tulisema hivyo, Mungu amemvua na shida, fulani kamvua mwenziwe. Harub anasema Kiswahili changu, wewe unasikia Kiswahili cha shule." Kisha akaniuliza, kama Thani angekufa, ndugu yako angeanza na neno gani? Akasema, "Angeanza na Inna lillahi. Hapana Mwislamu anayeleta habari ya maiti akaanza na barafu."

Hilo lilikuwa mbele ya macho yangu siku nne, mimi niliyepewa cheti cha kusoma Kurani kwa tajwidi.

Lakini hapo Bibi hakucheka. Alijua Thani ametolewa. Hakujua kama alipona. Tulirudi ndani, na akawaambia wote, wenyeji na wageni, neno kwa neno. Sitaki kukueleza uso wa Shangazi. Hakupiga kelele. Aliniangalia tu, akasema, "Ulikuja kwangu ukaomba iliki." Tukakaa pale, kahawa imepoa, posa imesimama, hakuna aliyejua kama tumekuja kuposa au kuhani. Alyaa ndiye aliyetoa simu yake, akatafuta hospitali za ule mji, akapiga moja baada ya nyingine kwa Kiingereza kizuri, mpaka ya tatu ikakubali kwamba ina kijana wa Oman, wodini, na kwamba analalamika juu ya chakula. Basi wa kwanza kuisikia sauti ya Thani alikuwa mchumba wake, na neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza huyu ni nani anayempigia. Alyaa akamwambia, "Ni yule ambaye mama yako amekuja kumposa, na ameniambia huko hakuna baridi." Thani ndiye aliyetueleza kwamba amevunjika mguu tu, na kwamba simu yako haikuwaka tena, na namba zetu zote zimo ndani yake.

Sasa sababu. Bibi ameniuliza nimefika wapi, nimemwambia nimefika.

Kaka, mimi barua zako nimekuwa nikizipunguza tangu mwaka jana. Ulipoandika nyuzi thelathini chini ya sifuri, nilisoma nyuzi thelathini. Ulipoeleza ule ubao mnaousukuma chini ya barafu uvute kamba ya nyavu, na jinsi unavyotembea juu ya barafu ukiusikiliza unavyogonga, ili ujue pa kutoboa, nilisoma kwamba unatembea ufukweni ukisikiliza mawimbi. Ile siku mliyolala ndani ya kibanda siku mbili kwa dhoruba, nilisema mlikuwa na mapumziko. Macho ya Bibi hayasomi tena, wengine wote husikiliza ninaposoma, na Thani unamjua, haandiki wala hapigi. Hakuna aliyeona. Ndiyo maana sikuweza kumwuliza neno moja tu, kwani angeuliza barafu imetoka wapi.

Nimewaambia wote kwamba niliogopa moyo wa Bibi. Wamekubali, na Mama amenikumbatia. Lakini si kweli, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Ulipoondoka Baba alisema mambo mawili. Alisema siku ya kwanza atakayosikia hatari, utarudi. Na alisema kazi yako ikiwa salama, na mimi nikifaulu, nitakwenda nje kama wewe, nikasome. Mimi ninataka kwenda, Harub. Ninataka kujifunza habari za maji na samaki. Basi kila nilipofuta barafu kwenye barua zako, nilikuwa nasafisha njia yangu. Uliteleza, na mimi nikasoma umetembea. Nisamehe.

Nimemsomea Bibi hapo kwa sauti kabla ya kuendelea, maana nimeapa sitaruka tena. Amekula tende moja, akaniashiria niendelee.

Jana tumezisoma zote upya, kuanzia ya kwanza, na Baba akiwa amekaa. Tulianza baada ya chai ya asubuhi tukamaliza alasiri. Bibi alicheka pale mbwa wa yule mzee mnayefanya naye kazi alipoiba samaki, alilia kwenye dhoruba, na kwenye ule ubao alitaka nirudie mara tatu. Baba alisikiliza zote mpaka mwisho. Kisha akauliza barafu inapaswa kuwa na inchi ngapi ndipo pikipiki ipite. Sikujua. Akasema basi hataamua chochote juu yako wala juu yangu kwa barua zilizosomwa na mimi. Uandike mwenyewe, kwa mkono wako, useme kama unataka kubaki na kama unaogopa. Atakayesoma ni Mama.

Kaka, Mama husoma kila kitu. Husoma mpaka tarehe na nukta. Ukiandika umeteleza, atasoma umeteleza. Ukiandika umefurahi, watasikia umefurahi. Sitakuwepo kati yako na wao tena, kwa hiyo andika vizuri, na andika kweli, hata kama kweli yenyewe itanirudisha mimi nyuma.

Kina Alyaa hawakukataa. Bi Ghaniya alisema barafu ikiyeyuka tuje tena. Shangazi akauliza inayeyuka lini, Alyaa akamjibu mwezi wa tano, na Shangazi anahesabu. Bado hajasema nami vizuri, lakini jana ametuma sahani ya visheti na jina langu amelitaja.

Msalimie Thani, mwambie namwomba radhi kwa kumzika siku nne. Msalimie na yule mzee wenu. Bibi, Baba, Mama, Shangazi na Ahlam wote wanakusalimu. Mungu akuhifadhi juu ya maji ya kila namna.

Mdogo wako anayekupenda,
Rawiya binti Soud