Kondoo wa Idi na Jeki ya Baba

Mtaa wa Mizeituni,
Sfax, Tunisia.
12 Juni 2024.

Mpendwa kaka Nizar,

Pokea salamu nyingi, na joto la Sfax juu yake. Hujambo? Kile kifua kimepona? Wifi Rim naye hajambo? Sisi wazima, alhamdulillahi, ingawa juzi ilibaki kidogo nikuandikie barua ya namna nyingine.

Kondoo wa Idi amefika, ana pembe za kiburi. Baba alimfunga kwenye bampa ya nyuma ya gari lake la Pejo, maana uani kwetu hakuna nguzo ya kumweza.

Asubuhi hiyohiyo akaamua kubadilisha pedi za breki. Breki ya mkono unaijua, ni pambo tu. Mama akamwambia atafute mawe ya kuzuia magurudumu ya nyuma. Baba akajibu kwamba alianza kuinua magari kabla mama hajajua kukaanga yai. Akapiga jeki mbele, akatoa gurudumu la kulia, kisha akaona tone la oili, akajilaza chini ya gari kuchungulia.

"Munsif wee!" mama akamwita baba kwa jina. "Ukifa leo nani atamchinja huyo kondoo?" Mama hakungoja jibu. Alilisukumiza lile gurudumu lililotolewa chini ya ubavu wa gari. Baba akanung'unika kwamba anazibiwa mwanga.

Mara kondoo wa jirani yetu Hatem akalia nyuma ya ukuta. Wetu akajibu, akavuta kamba kwa nguvu zake zote. Gari likarudi nyuma, jeki ikaanguka, na kishindo kikanitoa jikoni na mwiko mkononi. Nikaona miguu ya baba tu, imetulia. Nizar, nililia kabla sijamfikia.

"Nani kasukuma?" ikauliza sauti kutoka chini.

Gari lilikuwa limekalia gurudumu la mama. Hatem akachungulia juu ya ukuta: "Baba Nizar, mwenzio mwenye pembe nusura akuwahi! Kadhani Idi ni yake!" Tulimvuta baba, shati limechanika, pua nyeusi kwa grisi, tukacheka.

Sasa mama ameifungia jeki kabatini pamoja na chungu cha kuskusi. Baba hupita hapo kila mara, akikohoa kwa adabu.

Shangazi Mongia anakusalimu sana, na Hatem anauliza kama bado unanenepa.

Nikwambie la moyoni. Baba hana haja na gari hilo. Hata sokoni huenda kwa miguu. Ila kila Idi unaposema labda utakuja, yeye huingia chini yake kulitengeneza, ili akupokee mwenyewe uwanja wa ndege. Usipotokea, hulifunika turubai. Kwa hiyo, kaka, safari hii ama useme waziwazi kwamba huji, ama uje kimyakimya na teksi, umkute amesimama.

Mungu akufungulie njia.

Wako akupendaye, dada yako,
Jalila