Baba alichimba kaburi, hati ikaisha muda

Jumatano, Bariadi. Wingu zito tangu asubuhi, mvua hakuna. Nimechoka kama niliyelima, na leo sikushika jembe.

Najua wenzangu tuliomaliza nao kidato cha nne husoma blogu hii. Basi wasome. Mdomoni haya hayatoki.

Leo mahakama imekataa kuhuisha hati ya wito ya mama.

Mama alikuwa kibarua katika kiwanda cha kuchambua pamba, kimoja kati ya hivi vilivyofunguliwa tangu watu binafsi waruhusiwe kununua pamba. Kifuniko cha mashine kilitolewa na hakuna aliyekirudisha. Mkanda ukashika khanga yake, khanga ikavuta mkono wa kulia. Hospitali wakaukata. Akamshtaki mwenye kiwanda kwa uzembe, na mahakama ikatoa hati ya kumwita. Kazi ya baba ilikuwa moja tu: kumpeleka mtu wa mahakama hadi nyumbani kwa mdaiwa, Lalago, ampe hati hiyo.

Walifika wakakuta msiba. Mwenye kiwanda amefiwa na mama yake.

Baba alimwomba mtu wa mahakama arudi zake. Yeye akabaki. Akapokea jembe, akachimba kaburi na wanaume wa pale, akala nao ugali, akampa mdaiwa mkono wa pole. Kwetu humfuati mfiwa na karatasi ya mahakama. Akangoja matanga yaishe. Yalipoisha akaona aibu kurudi kwa mtu aliyezika naye. Kisha mvua zikaanza, tukalima. Hati ikaisha muda haijamfikia mtu, na muda wa kufungua kesi mpya nao umepita.

Leo wakili wa mwenye kiwanda alimwuliza, "Mzee, ulisimama naye kaburini, ukashindwa kumwelekeza mtu wa mahakama kwake?" Watu wakacheka.

Baba akajibu, "Angeipokeaje? Mikono yake ilikuwa na udongo wa mama yake."

Kicheko kikakatika.

Hakimu hakuwa mkali. Alisema mahakama ina hiari ya kuhuisha hati iliyoisha muda, ila lazima ipewe sababu ya kutosha, na huruma peke yake haitoshi. Siku za msiba anazielewa. Miezi iliyofuata haielewi. Maombi yakatupwa.

Nilitaka kusimama niseme neno. Nilibaki nimekaa, nikitazama viatu vyangu.

Tulipokaribia nyumbani, mama aliuliza:

"Baba Minza, lile kaburi mlilichimba vizuri?"

"Vizuri."

"Haya. Na langu mtalichimba hivyohivyo."



Sijui nimkasirikie baba au nisimkasirikie. Nikimwaza ameshika jembe pale Lalago, namwonea fahari. Nikimwona mama anamenya viazi akivibana kwa magoti, fahari yote inaniishia. Nadhani hata baba mwenyewe anayawaza hayo hayo, ila sisi wawili hatujui kusema.

Tangu mama atoke hospitali, baba ndiye humfunga kitenge, maana fundo halifungiki kwa mkono mmoja. Jioni hii mama alitaka kubadilisha nguo ya mahakamani. Baba alikwisha kuinuka.

"Minza! Njoo unifunge."

Nikaenda. Nilifunga vibaya, nikafungua, nikafunga tena. Baba alisimama mlangoni muda wote huo, mikono haijui iende wapi.

Kesho asubuhi mama akiniita tena, niende?