Marahaba, Mpwa Wangu

Nyuma ya stesheni,
Manyoni, Singida.
12 Oktoba 2025.

Mpendwa Shangazi Agripina,

Shikamoo. Za siku nyingi huko Newala? Mguu wako umepoa, au bado unakusumbua ukipandisha kutoka bondeni? Stanley na wadogo zake hawajambo? Nadhani mmeshaanza kuokota korosho, kwa hiyo naomba usome barua hii umekaa, si umeinama chini ya mkorosho na gunia begani. Ni ndefu kidogo.

Sisi huku kiafya hatujambo, tunamshukuru Mungu. Jua ni kali na vumbi halina adabu. Mama Eliana kifua kilimbana wiki iliyopita, lakini sasa anaendelea vizuri na ameanza kugomba, ndiyo tukajua amepona. Mdogo wangu Peniel yuko kidato cha pili. Amenipita kimo, na mdomo wake nao umerefuka. Huko mbele utaona kwa nini nasema hivyo.

Nimeandika barua kwa sababu simu ya hapa nyumbani ukiipiga inawekwa sauti kubwa ili kila mtu asalimie, na jambo nililonalo siwezi kulisema Baba akiwa anasikia. Barua nimempa Damiani, dereva wa lori linalopeleka mafuta ya alizeti Masasi. Ameahidi ataifikisha kwa mkono wake.

Shangazi, nilikwambia matokeo yangu ya kidato cha sita yalikuwa mazuri. Sasa kuna chuo kimoja cha ng'ambo ambacho kinachukua vijana wachache sana kutoka Afrika nzima, na ukichaguliwa wanakugharimia kila kitu mpaka nauli. Alama peke yake hazitoshi. Wanataka na insha uliyoiandika mwenyewe, ya kuwaeleza wewe ni nani na nani alikufanya ukawa hivyo. Mwisho wa kupokea ni mwisho wa mwezi huu.

Mwalimu Noel, aliyenifundisha Kiingereza, ndiye anayenisaidia. Kwanza alinishauri niandike kuhusu njaa, au kutembea mbali kuchota maji, kwa sababu eti watu wa kule wanapenda kusoma shida. Nikamwambia Mwalimu, mimi bomba liko uani. Akacheka, lakini hakufurahi.

Nikaandika kuhusu Baba. Niliandika jinsi alivyokuwa anakuja kila kikao cha wazazi na lile koti lake moja, linanuka mashudu ya alizeti, anakaa mstari wa mbele kabisa na kunyoosha mkono kuuliza kwa nini maharage ya wanafunzi yana wadudu. Wenzangu walikuwa wanaziba pua na mimi nilikuwa natamani ardhi inimeze. Halafu maharage yalibadilishwa, na wale wale walioziba pua wakawa wananiuliza baba yako anakuja lini tena.

Shida ikaanzia hapo. Vyeti vyangu vyote vimeandikwa Redempta Stefano Mughwai, na kwenye maombi kuna mahali pa jina la baba na anapoishi. Nikajaza Stefano, mkulima, Mitundu, kwa sababu ndivyo cheti cha kuzaliwa kinavyosema. Mwalimu Noel akaniambia watu wa kule wakiona baba ni mkulima wa Mitundu, halafu insha inasema baba anakamua alizeti Manyoni, watasema huyu binti ni mwongo na watatupa kila kitu. Akachukua kalamu nyekundu, na kila palipoandikwa baba yangu kwa Kiingereza akapageuza kuwa anko wangu.

Wewe unajua yote, Shangazi. Wewe ndiye uliyenibeba kutoka Mitundu mama yangu alipofariki, sijaacha hata kunyonya, ukaniweka mikononi mwa wifi yako Mama Eliana. Baba Stefano alisema atanifuata mambo yakitulia. Yalitulia, akaoa, hakunifuata. Kaka yenu mkubwa Urbano nimemwita Baba tangu nijue kusema, na katika nyumba hii hakuna aliyewahi kuongeza neno mkubwa kwenye hilo Baba. Nayaandika tena kwa sababu kichwa changu kimechanganyikiwa na nataka kuyaona yamekaa sawa mahali fulani.

Baba aliposikia insha imekwisha aliomba nimsomee. Kiingereza hajui, lakini alisema anataka kusikia tu inavyolia. Akanawa, akavaa shati, akamwita na Mama Eliana wakae. Nikasoma. Nilipofika katikati akanyoosha mkono kama kwenye kikao cha wazazi.

"Huyo anko ni nani?"

"Ni wewe, Baba."

"Mimi?" Akamwangalia Mama Eliana. "Anko ni kondakta. Anko ni yule anayeuza vocha pale stendi. Tena anko ni mjomba, ndugu wa mama. Kwa hiyo mimi na wewe si ukoo mmoja?"

Nilijaribu kumweleza kwamba Kiingereza hakina neno la baba mkubwa, wote wanatupwa kwenye kapu hilo moja. Akasema anakwenda kuangalia mashine, na umeme ulikuwa umekatika tangu mchana.

Kesho yake asubuhi nikamwamkia, shikamoo Baba. Akaniitikia, "Marahaba, mpwa wangu." Nikadhani ni utani wake. Kesho yake tena, marahaba mpwa wangu. Shangazi, nilikwenda kulia jikoni, na Mama Eliana akaniambia nipulize moto nisije nikauzima kwa machozi.

Basi nikaamua. Nikafuta anko zote nikaandika Baba, kwa Kiswahili hivyo hivyo, katikati ya Kiingereza. Mstari wa kwanza unasema baba yangu anaitwa Urbano. Juu nikaipa jina Baba. Nilipanga nimsomee leo Jumapili baada ya misa, hasira zikiwa zimeshuka. Niliyemwambia ni Peniel peke yake.

Alhamisi Baba Stefano akapiga simu kusalimia. Unajua hapigi mara kwa mara. Peniel ndiye aliyepokea, na bila kuulizwa akamwambia dada Redempta ameandika insha ya kwenda ng'ambo na inaitwa Baba. Ndivyo alivyosema tu, na wala hakusema uongo.

Jana akapiga tena. Sauti kubwa imewekwa, tumekaa wote. Baba Stefano alikuwa analia, Shangazi. Alisema, "Mwanangu, sikujua kama una nafasi yangu moyoni. Nimewaambia watu wote hapa Mitundu. Hata padri nimemwambia."

Nilimwangalia Peniel, Peniel akaangalia miguu yake. Baba ndiye aliyeichukua simu. Akasema, "Ndiyo, mdogo wangu. Amekuandika vizuri sana." Akamuuliza habari za mahindi, wakaagana.

Nikamfuata mpaka kwenye mashine. Nikamwambia Baba, insha ni yako, jina lako liko mstari wa kwanza, Peniel ndiye hakueleza vizuri. Akasema, "Basi mbona rahisi. Toa Urbano, weka Stefano. Vyeti vitakubaliana, mdogo wangu hataaibika mbele ya padri, na wewe utapata chuo." Nikamuuliza, na wewe je? Akajibu kwamba alizeti ya watu inasubiri.

Leo asubuhi nimemwamkia. Ameniitikia, "Marahaba, mwanangu." Lile neno nililolililia siku zote hizi amelirudisha, na limeniuma kuliko mpwa, kwa sababu amelirudisha akiwa ameshalitoa jina lake.

Mwalimu Noel anasema Baba ana akili nyingi na nimsikilize. Nimewasikiliza wote mpaka nimechoka. Nikiweka Stefano, kila karatasi itasema kitu kimoja, na lile koti la mashudu litavaliwa na mtu ambaye hajawahi kuingia uwanja wa shule yangu. Nikiacha Urbano, huenda wakanitupa, na Baba Stefano ataaibika, na sitaki aaibike, Shangazi. Kulia kwake kulinihurumisha. Namkasirikia na namwonea huruma kwa pamoja, na sijui nianzie wapi.

Wewe ni dada yao wote wawili. Nakuomba umpigie Baba Stefano, wewe na si mimi, umwambie taratibu kama unavyojua kwamba jina kwenye insha litabaki Urbano. Mwambie sijamkataa. Mwambie kwenye insha ipo sentensi inayosema nina mababa wawili, mmoja alinizaa. Nimeiongeza mchana huu, na ni kweli.

Nisalimie Stanley na wadogo zake, na jirani yako aliyetutumia ile mizizi ya ming'oko mwaka jana. Mama Eliana anakusalimu sana, na Peniel anakusalimu kwa sauti ya chini, kwa sababu siku hizi hapewi simu. Baba hajui kama nakuandikia, lakini angejua angesema nikuulize habari za mguu. Mungu akulinde huko mbali na akurudishe salama tukuone.

Mtoto uliyembeba, akupendaye,

Redempta Urbano