Dramu za Wimbo wa Nne

Jumanne, 4 Machi

Siku ya tatu studio. Albamu ya kwanza tulirekodi wote pamoja, chumba kimoja, jasho na kelele. Hii ya pili eti ya kitaalamu — kila mtu peke yake, na kidude kinamgongea tik tik masikioni. Leo zamu ya kaka na dramu zake. Nyimbo tatu kapiga safi, vijiti viwili vimevunjika. Wa nne ukamgomea. Una kasi ya kichaa, na mtunzi ni mimi na gitaa langu! Kila akifika katikati, miguu inachelewa. Karudia mara kumi na tisa. Ngoja, mdogo wangu, ananiambia, sasa hivi naushika. Hakuushika. Kaka huyu huyu aliyenifundisha kuhesabu mapigo kwenye ndoo ya kufulia.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi mitambo kaniita pembeni. Anasema anaweza kuyachukua mapigo ya kaka moja moja, ayakate, ayapange upya kwenye kompyuta, kila pigo litue mahali pake. Sauti itabaki ya dramu zake, nani atajua? Nikauliza, tumwambie? Akasema hilo ni lako, kaka ni wako.

Nikasema sawa. Neno moja tu, na lilinitoka upesi mno. Nilikuwa nautaka wimbo wangu.

Jumamosi, 8 Machi

Mwimbaji kaingiza sauti leo, ile yake ya kunguruma na kukoroma kooni. Jirani kaja kugonga mlango, ana wasiwasi kuna mtu anatapika! Tumecheka hadi mbavu zinauma.

Halafu fundi akatusikilizisha wimbo wa nne. Kaka kainamisha kichwa mpaka mwisho. Kasimama. Huyu ni mimi? Nikasema ni wewe. Kumbe niliushika! Mara ya ngapi hiyo? Fundi ghafla kawa na kazi nyingi na nyaya zake. Mimi ndiye niliyejibu: ya kumi na nne. Namba hiyo sijui niliitoa wapi. Kaka kanikumbatia mbele ya watu, kasema bado yumo, na yeye alishaanza kudhani amekwisha.

Nimemvika kilemba cha ukoka, kaka yangu wa tumbo moja. Mshenzi mimi.

Jumatano, 12 Machi

Wifi kapiga simu. Kaka akitoka kazini hasalimii mtu, moja kwa moja chumba cha nyuma kwenye dramu. Anaufanyia mazoezi wimbo wa nne, maana uzinduzi ni tarehe 29 na lazima tuupige jukwaani. Kifundo cha mguu kimevimba. Anakifunga kitambaa, anaendelea. Wifi anasema niongee naye, mimi ananisikiliza.

Ananisikiliza! Ndiyo, hilo ndilo tatizo.

Nimeshika simu nimwambie. Nimeiweka. Nimeishika tena, nikamwandikia: usijiumize bwana, tunaweza kuuacha huo. Kajibu: niuache wimbo niliopiga vizuri kuliko yote?

Jumapili, 16 Machi

Nimejiapiza njia nzima: leo nasema, potelea mbali. Anifokee. Aache bendi. Bora hivyo.

Nimemkuta ameloa chapachapa. Wimbo unalia kwenye spika, yeye anaukimbiza. Pale pale katikati — kachelewa. Kauzima. Hana hasira hata kidogo, afadhali angekuwa nayo. Kaniuliza polepole: mtu anaweza kuzeeka kwa wiki mbili, mdogo wangu? Maana siku ile niliweza, na wewe ulikuwepo. Hebu nikumbushe, nilikaaje? Kiti kilikuwa juu au chini?

Nikafungua mdomo. Wifi kasimama mlangoni na jagi la maji, ananitazama. Kaka anangoja, mkono kwenye skrubu ya kiti. Ana matumaini usoni kama mgonjwa mbele ya daktari.

Juu kidogo, nikasema.

Kakipandisha. Kajaribu pedali kwa ule mguu uliofungwa kitambaa, katabasamu. Kasema kweli, anaona tofauti.

Nimekimbilia jikoni kwao, ndiko ninakoandikia haya. Wifi ananishukuru. Kupitia ukutani namsikia kaanza upya, mara ya sita sasa, na anakaribia pale katikati —