Mtu wa Nyuki

Mjukuu wangu Zawadi,

Marahaba. Huku Itigi wote wazima. Mama yako kamaliza kuvuna alizeti, yule mbuzi mweupe kazaa mapacha.

Unauliza kwa nini video yako ukianguka na sinia la pilau harusini imesambaa hivyo, hadi unataka kuacha chuo. Simu ya video mimi sina. Ila kusambaa nakujua.

Nilikuwa kuli hapa stesheni, napakia asali kwenye treni. Siku moja nikajitwisha ndoo, mfuniko sikuukaza. Asali ikanimwagikia mwili mzima, nyuki wakaja. Nikakimbilia ndani ya behewa, abiria wakarukia nje kupitia madirishani. Treni ikaondoka na habari yangu. Kila stesheni mtu akaongeza lake, maana kucheka peke yako hakunogi. Iliporudi, nilikuwa mwizi wa asali, tena niliyekimbia uchi.

Ikawa kila treni ikisimama watu wanachungulia: "Yuko wapi mtu wa nyuki?" Nikafunga mizigo nihame.

Ndipo akashuka binti mmoja wa Manyoni.

"Wewe ndiye wa nyuki?"

"Ndimi. Cheka uende zako."

Akacheka kweli. Halafu akauliza, "Walikuuma wapi?"

Stesheni zote zile, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Sikuhama. Huyo ndiye marehemu bibi yako.

Sasa na mimi nakuuliza. Pilau ile ilikuwa ya moto. Mkono umepona?

Babu yako